Safu na Karambola Mkononi mwa Jirani

Juma lililopita, rafiki yangu, mkono wangu ulitetemeka mbele ya watu. Nilikuwa nimesimama katika ukumbi wa parokia hapa Kamina, mabenchi yamejaa akina mama na watoto wao mgongoni, na juu ya meza nimeweka matunda mawili ambayo wengi wao hawajawahi kuyatia mdomoni: safu, inayoletwa na ndege kutoka nchi za magharibi kule chini ya mto mkubwa, na karambola. Nilikuwa nimeombwa nieleze tofauti zake na faida zake mwilini. Kazi nyepesi kwangu. Mimi nina diploma ya lishe. Niliipata Lubumbashi kwa jasho langu mwenyewe, asubuhi nikikaanga mikate ya mafuta kando ya barabara, mchana nikiingia darasani na harufu ya mafuta kwenye nywele, na hakuna ndugu aliyeninunulia hata kalamu. Nimefanya kazi Kolwezi, nimefanya kazi ng'ambo ya mpaka huko Zambia, na sasa nimerudi kwetu na ninajenga nyumba ya matofali ya kuchoma karibu na reli. Wapita njia huuliza ni nyumba ya nani. Mimi hupenda waulize.

Safu niliieleza vizuri, wakatikisa vichwa. Nikachukua kisu, nikakata karambola kwa upana, vipande vikalala mezani nyota, nyota, nyota. Hapo mkono ukaanza. Mama mmoja wa benchi la mbele akaona.

"Eee, mama muganga! Weye mwenyewe njo unaogopa matunda?"

Ukumbi ukacheka, nami nikacheka nao. Lakini masikioni mwangu nilikuwa nasikia kwikwi ya Kambo.

Kambo ndivyo tunavyomwita bibi huku kwetu. Yeye ndiye aliyenilea, maana mama alikuwa mfanyabiashara wa samaki. Alikwenda Kinkondja kununua samaki wakavu, na akienda alikawia. Nyumba ya Kambo ilikuwa ya matofali ya udongo, na mbele yake palikuwa na kinu ambacho mdomo wake ulikuwa umelika upande mmoja kwa miaka ya kutwanga sombe ya majani ya muhogo. Unakumbuka mlio ule? Asubuhi kila ua ulikuwa na kinu chake, na kila kinu na sauti yake, nami ningeweza kukwambia nikiwa bado kitandani ni nani ameamka na nani amelala. Kazi yangu ilikuwa kufagia ua, kuchota maji, na kuchunga unga wa muhogo uliotandazwa juani ili kuku wasiutembelee. Mchana tulikula bukari, ugali wa unga ule ule, na samaki wa Kinkondja, wenye chumvi hadi ulimi unakauka. Muganga wa dispanseri alikuwa amemkataza Kambo chumvi, kwa sababu asubuhi uso wake uliamka umevimba, na jioni miguu yake ilikuwa imejaa kama bukari lililonyonya maji. Ukibonyeza kwa kidole, shimo lilibaki. Kambo alimsikiliza muganga kwa adabu, akarudi nyumbani, akala samaki wake.

Kati ya ua wetu na ua wa pili palikuwa na mstari wa mihogo tu. Ng'ambo ya mihogo ilikuwepo nyumba ya zamani ya wafanyakazi wa reli, na mbele ya nyumba hiyo mti. Mzungu fulani wa reli aliupanda, akaondoka, mti ukabaki. Ulizaa matunda ya manjano yenye mbavu tano, yanayong'aa kama yamepakwa mafuta, na hakuna aliyeyala. Yalianguka, yakaoza, nyigu wakayajia. Tuliambiwa kwamba tunda lenye pembe si la binadamu. Siku moja gurudumu la baiskeli lilikata moja vipande viwili, nasi watoto tukaona ndani yake nyota, kama zile wanazovaa wakubwa wa jeshi mabegani. Tulikimbia. Tangu siku hiyo, nikitumwa kisimani, nilizunguka njia ya mbali ili nisipite chini ya mti ule.

Kisha bibi ya soda akahamia pale. Mume wake alikuwa soda, yaani askari, kwenye kambi kubwa ya anga, huko nje ya mji. Alikuja nyumbani mara moja moja, na bunduki yake ilikuja naye. Mwanamke yule alitoka mbali, upande wa bahari. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokotaokota, lakini kicheko chake kilikuwa kizima. Ndege za jeshi zilipotua, alipata magunia ya safu kutoka kwao, akauza kwa wake wa askari wengine waliokuwa na hamu ya chakula cha nyumbani.

Zawadi yake ya kwanza kwetu ilikuwa safu. Alivuka mihogo na sahani, matunda ya rangi ya zambarau iliyoiva hadi kukaribia weusi, marefu kama mayai ya bata, bado yanatoa mvuke. Akamnyoshea Kambo. Kambo hakupokea. Mwanamke akabaki na mkono hewani, akitabasamu, asijue kosa lake.

Wewe unajua, rafiki yangu. Kwetu mwenye kutoa huanza. Akileta munkoyo, hunywa yeye funda la kwanza. Akileta chakula, huuma yeye tonge la kwanza, mbele ya macho yako. Kambo alikuwa na msemo wake: kinywa ya mwenye kutoa njo kifuniko ya chungu.

"Anza weye," alisema Kambo.

"Minyi nishakula, mama."

"Nasema anza weye."

Jirani alinitazama mimi. Nikamwonyesha kwa kidole changu mdomoni. Akaelewa, akauma safu moja, akacheka hadi sahani ikayumba. "Aaa, mama! Unafikiri niko na sumu?"

"Hapana, mwanangu. Shiye hatufikiri sumu. Sumu njo inatufikiria shiye."

Hivyo ndivyo urafiki wao ulivyoanza. Nami nikaijua safu. Ngozi yake nyembamba inateleza, nyama yake ni ya kijani, laini kama siagi, na uchachu kidogo unaokuja mwishoni. Haichemshwi. Inawekwa katika maji ya moto, chungu kinafunikwa, unangoja; ukiichochea moto inavurugika. Siku hizi naweza kukwambia kwamba safu ni mafuta kwa sehemu kubwa, kwamba ina protini kuliko unavyotarajia katika tunda, na kwamba mtoto aliyedhoofu akiila na muhogo wa kuchoma anapata nguvu ya kucheza mchana kutwa. Wakati ule nilijua tu kwamba nikila safu mbili sikusikia njaa hadi jioni.

Karambola ilikuja katika joto la mwezi wa kumi, mvua inapokataa kunyesha na vumbi la reli linaingia hadi ndani ya chungu. Kambo alikuwa ameacha kula. Alisema kila kitu kina ladha ya chuma. Jirani akavuka mihogo, na katika bakuli lake niliona zile nyota.

"Kwetu tunakulaka hii," alisema. "Iko maji, mama. Itakufungua kinywa."

Na safari hii hakungoja kuambiwa. Alichukua nyota ya kwanza, akaila mbele yetu, akafungua mdomo wazi kumwonyesha Kambo ulimi wake kama mtoto aliyemeza dawa. Kambo akacheka. Akapokea.

Alikula nyota moja, akafumba macho. Akala nyingine. Karambola ni kinyume cha safu kwa kila kitu: safu inashibisha, karambola inaburudisha, safu ni mafuta, karambola ni maji yenye vitamini C na uchachu unaoamsha mate, safu inakaa tumboni, karambola inapita kama mvua ya kwanza. Kwa mtu mwenye joto na mdomo mchungu, hakuna kitu kitamu kuliko hicho. Kambo alimaliza bakuli, akaomba jingine. Jirani akakamua mengine, akamletea maji yake katika kikombe, baada ya kunywa funda la kwanza. Mimi nilipewa nyota moja. Nililamba ukingo wake, nikaificha chini ya kinu.

Jioni ile Kambo alianza kwikwi.

Mwanzoni tulicheka. Kwetu mtu akishikwa na kwikwi, kuna anayemtaja mahali. "Nani ananitaja hivi?" aliuliza Kambo, akataja jina la mama yangu huko Kinkondja, kwikwi ikaendelea, akataja dada zake wa Kabongo, ikaendelea. Akanywa maji ameinama. Mimi nikajificha nyuma ya mlango nikamrukia kwa kelele ili ashtuke. Alishtuka, akanipiga kofi la mzaha, na katikati ya kicheko kwikwi ikamkata tena.

Kulipokucha ilikuwa bado ipo. Nilikuwa nimelala karibu naye, na mkeka wetu ulitikisika kila mara. Asubuhi alitapika. Alianza kutaja wengine, na hao hawakuwa wa Kinkondja wala wa Kabongo: alimtaja babu, ambaye mimi sikumjua ila kwa kaburi lake, alimtaja mtoto wake aliyefariki kabla ya mama kuzaliwa. Akanigeukia, akaniita kwa jina la mama yangu, akaniuliza kwa nini nimechelewa kutoka shule. Macho yake yalikuwa wazi, lakini hayakuwa na mtu ndani. Hapo ndipo nilipoijua hofu, rafiki yangu. Nilitoka nje nikafagia ua uliokwisha fagiliwa, nikafagia tena, kwa sababu ndani sauti ile ilikuwa ikihesabu kitu nisichokijua.

Muganga wa dispanseri alikuja. Alimpa vidonge vya tumbo, akatazama miguu yake kwa muda mrefu, akasema kama haitulii apelekwe hospitali kubwa. Hakuna aliyejua zaidi ya hapo wakati ule. Jirani alikuja akapiga magoti kando ya mkeka, akamfuta Kambo uso kwa kitambaa cha maji. Majirani wengine walisimama mlangoni, wakitazama mkono wake na kitambaa.

Mjomba, mtoto wa kiume wa Kambo, alifika na garimoshi kutoka Luena, alikofanya kazi ya reli. Aliona mama yake hamtambui. Akauliza swali moja tu: amekula nini, na kwa mkono wa nani?

Mchana ule ua wetu ulijaa. Sikuwa nimewahi kuona watu wengi hivyo mahali pasipo msiba. Walimtoa jirani nyumbani kwake, kanga yake imefungwa upande, chungu chake bado kiko kando ya moto. Mjomba alikuwa ameshika mchi wa kinu.

"Alionja!" nilisema. Sauti yangu ilitoka ndogo. "Minyi nilimuona. Alionja ya kwanza."

"Sikia mutoto," alisema Mjomba, na hakusema na mimi, alisema na watu. "Alionja. Yee hakuguswa hata kidogo, mama yangu njo anakufa. Bantu babili, bakuli moja. Sasa nani alijua kipande gani ni kizuri?"

Watu wakaguna. Kila kitu ambacho kingemwokoa kilikuwa kimegeuka na kumwelekea kama ncha ya mkuki.

"Akule ingine!" mwanamke mmoja akapiga kelele. "Akule yote, tuone!"

Wakatikisa mti. Karambola zikaanguka kama mawe mepesi. Wakamkalisha chini, wakamwekea rundo, naye akala. Alikula akilia, maji ya tunda yakichanganyika na machozi kidevuni, na sisi sote tulisimama kwenye jua tukingoja aanguke. Nilimwomba Mungu asianguke. Hakuanguka. Alimaliza, akajifuta mdomo, akainua macho, akatumaini.

"Munaona?" mzee mmoja akasema taratibu. "Yote hii, na haimufanye kitu. Huyu haiko muntu."

Nilielewa, ingawa nilikuwa mtoto: hakukuwa na mlango. Angeanguka, tunda lingekuwa sumu na yeye mwuaji. Hakuanguka, basi ni mulozi, mchawi. Mtu wa nyuma alikuwa ameinama, alipoinuka alikuwa na jiwe. Mwanamke mmoja akamvuta mwanawe, akasema kwa sauti ya chini, "Bwana yake akisikia, basoda batakuja na lori, na hapa hatabaki muntu." Na hilo badala ya kuwapoza liliwaharakisha, kana kwamba kazi ile ilipaswa kumalizwa kabla lori halijafika.

Ndipo tukasikia kwikwi mlangoni.

Kambo alikuwa amesimama, mkono mmoja ukutani. Sijui alipita vipi kati ya mkeka na mlango kwa miguu ile. Alitazama watu, akamtazama mwanamke aliyeketi chini, na nikaona macho yake: kulikuwa na mtu ndani.

"Mwanangu," alisema, na kwikwi ikamkata. "Chungu yako iko na safu?"

"Iko, mama."

"Niletee moja. Niko na njaa."

Hakuna aliyemzuia. Jirani aliingia kwake, akatoka na safu moja yenye mvuke kwenye viganja vyake viwili. Alipofika mbele ya Kambo, kwa mazoea aliyofundishwa na sisi wenyewe, akaipeleka kwanza mdomoni mwake.

Kambo akamshika kifundo cha mkono.

"Usionje."

Sikuwa nimewahi kusikia neno lile likisemwa. Sidhani kama kuna aliyekuwa amelisikia. Kambo alichukua safu kutoka katika mkono ule, akaimenya, akaila yote, akisimama kila kwikwi ilipomjia, akiendelea. Alipomaliza alitema kokwa kwenye kiganja, akaliinua juu ili kila mtu alione.

"Nimekula bila kifuniko," alisema. "Nikikufa, nimekufa kwa mukono yangu mwenyewe. Nani iko na neno?"

Jiwe sikuona lilikoangukia.

Kambo akamgeukia Mjomba. "Na weye, rudisha muchi mu kinu. Sombe haitajitwanga."

Watu walitawanyika bila kuagana, kila mmoja akitazama miguu yake. Mjomba alikwenda kwenye kinu. Alitwanga hadi majani yakawa maji.

Kwikwi haikuisha siku ile. Nisikudanganye. Iliendelea, ikapungua, ikarudi, na mimi sikula wala sikucheza, nikisikiliza. Asubuhi moja nilikuwa nafagia, nikagundua kwamba nasikia ufagio wangu tu. Kimya kile kiliniogopesha kuliko kwikwi yenyewe. Nilitupa ufagio nikakimbilia ndani. Kambo alikuwa amelala mdomo wazi, anakoroma. Alipoamka aliniita kwa jina langu, akaomba samaki.

Aliishi hadi mvua za mwaka uliofuata, kisha ule uvimbe wa miguu ukapanda hadi tumboni, naye akaenda. Jirani hakuwepo kumlilia. Mume wake alihamishwa kambi nyingine, akapanda naye ndege ile ile iliyokuwa ikimletea magunia. Siku ya kuondoka walikumbatiana yeye na Kambo katikati ya mihogo. Mti wa karambola Mjomba aliukata. Mahali ulipokuwa pana kibanda cha kuchaji simu.

Miaka mingi baadaye, katika darasa la Lubumbashi, mwalimu wetu alikuwa akifundisha kuhusu figo. Akasema lipo tunda ambalo mtu mzima wa afya hula apendavyo, lakini mwenye figo dhaifu hawezi kulitoa damuni, na sumu yake hupanda hadi kwenye ubongo. Akasema dalili inayokuja mapema, mara nyingi, ni kwikwi isiyokoma. Kisha kuchanganyikiwa, hata degedege, hata kifo. Kabla hajataja jina la tunda niliinua mkono. "Karambola," nilisema, na darasa zima likageuka. Katika mtihani wa somo lile nilikuwa wa kwanza, na sishangai. Wengine walisoma kurasa. Mimi nilikuwa nimelala kando ya kurasa hizo kwenye mkeka mmoja.

Basi katika ukumbi wa parokia niliwaambia akina mama yote, kwa ukali ambao pengine uliwashangaza. Kwamba karambola ni nzuri, lakini mwenye kuvimba uso na miguu asiiguse, hata nyota moja, hata kikombe cha maji yake. Kwamba hata safu ina potasiamu, mwenye figo mbovu asiishindilie, ingawa moja haikumtikisa Kambo. Kwamba kuonja kwa mtoaji kunakuonyesha moyo wake tu. Hakukwambii lolote kuhusu figo zako. Mama mmoja mtu mzima, viatu vyake vimefunguliwa kwa sababu miguu haiingii, alikuwa amekwisha nyosha mkono kwenye sahani ya nyota. Akaurudisha polepole, akaukalia. Nilimwambia aje kwangu kesho tuende pamoja hospitali, na alikuja.

Walipokuwa wakitoka, yule aliyenicheka aliniletea safu moja ya moto kwenye sahani. Alisimama mbele yangu, akaiuma kidogo pembeni, akaninyoshea. Bado tunafanya hivyo, unaona. Vijana siku hizi hufungua chupa ya soda mbele ya mgeni ili asikie ule mlio wa gesi, wakafikiri ni mtindo mpya.

Vinu vimenyamaza, sombe inasagwa na mashine sokoni. Mihogo ya mpaka imekuwa ukuta, na ukuta wangu mimi ni mrefu kuliko wote mtaani. Nimekula kwenye meza za watu wakubwa, Kolwezi na ng'ambo, na kila nilichopewa kilikuwa kimeonjwa au kimefungwa kwa kizibo. Tangu mchana ule sijasikia tena mtu akimshika mwenzake mkono na kumwambia asionje. Na mimi mwenyewe, mbele ya mama yule mwenye kicheko, nilifungua mdomo kulisema neno lile. Kinywa chake kilikuwa kimeshauma.

Nikapokea, nikala. Ilikuwa tamu. Nilisikilizia kwikwi hadi nikafika nyumbani.